Rimoti ya Bi Gwantwa

Siku Bi Gwantwa alipompelekea mwanawe chakula mahabusu, mwanawe huyo alikuwa ametimiza mwaka wa kumi na moja kaburini. Alitoka nyumbani kwake Tukuyu saa nne asubuhi, mvua ikinyesha kama ilivyo desturi ya mji ule, miguuni viatu viwili visivyolingana, mkononi hotipoti ya ndizi na maharage. Alitembea mwendo wa nusu saa hadi kituo cha polisi. Akawaamkia waliokuwa kaunta, akawaambia amekuja kumwona Ambakisye, kitinda mimba wake, kwa kuwa amepata habari kwamba amefungwa.

Askari wa zamu walilitafuta jina hilo kwenye orodha yao wasilione. Sajini mmoja mwanamke, aliyezijua habari za nyumba ile, alimkalisha bibi kwenye benchi, akamfunika koti lake, kisha akampigia simu binti yake, Tusekile, katika shule anakofundisha hesabu.

Tusekile alipofika alimkuta mama ameloa chapa, hotipoti kaipakata kama kichanga. Alichuchumaa mbele yake, akamuuliza ni nani aliyemwambia kwamba Amba amefungwa.

"Ukuta," mama alisema. "Nimeuuliza tangu kulipokucha. Unanijibu lile lile."

Tusekile hakuwa na haja ya kuuliza zaidi. Sebuleni kwao, kama kwenye nyumba nyingi za miaka ile, kulikuwa na kompyuta ya sinema. Macho yake madogo yalikaa kwenye pembe nne za dari, yakinasa kila lililotendeka chumbani humo mwaka hadi mwaka, na ukuta mzima wa upande wa jikoni ndio uliokuwa kioo chake. Mtu alitamka tu anachotaka, nao ukamwonesha, watu wakiwa na vimo vyao halisi, kana kwamba wameketi chumba cha pili na ukuta umebomolewa. Picha moja tu ndani ya nyumba ile haikuoneshwa, ile ambayo ukuta ulizoea kuileta kila jina la Ambakisye lilipotajwa. Aliyeitaja alijibiwa kwa sauti ya kike isiyo na hasira wala huruma, "Picha hiyo imefungwa."

Bi Gwantwa, ambaye akili yake ilikuwa ikimponyoka kwa mwaka wa pili sasa, alikuwa amelitaja jina la mwanawe asubuhi ile zaidi ya mara mia mbili. Mara mia mbili akajibiwa. Na mama anayeambiwa kwamba mwanawe amefungwa hawezi kukaa.

Sajini alikuwa mpole, lakini alilazimika kuandika taarifa: chombo cha nyumbani kimempotosha mgonjwa, mgonjwa akaingia barabarani. Taarifa ya namna hiyo ikishaandikwa, Sheria ya Nia, inayosimamia vyombo vya wagonjwa, haikumpa msimamizi, yaani Tusekile, nafasi ya kupumua. Ndani ya siku kumi na nne rimoti ya sauti iondolewe, na msimamizi achague nyingine mbele ya fundi aliyeapishwa.

*

Fundi huyo aliitwa Ipyana, mtu mzima wa miaka hamsini na ushei, mwenye begi la ngozi na tabia ya kusugua mikono kabla ya kusema. Alifika Alhamisi saa nane mchana. Alivua viatu mlangoni, akamwamkia Bi Gwantwa, naye akaitikia na papo hapo akamchukulia kuwa mnunuzi wa chai. Miaka thelathini na mmoja Bi Gwantwa alikuwa mwonjaji kiwandani. Alimweleza fundi kwamba majani ya msimu huu yanakwaruza ulimi, kwa sababu wachumaji wanavuna na yaliyokomaa. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia atalifikisha jambo hilo wanakohusika. Kwa hilo peke yake Tusekile alimpenda.

Kisha akafungua begi na kupanga vitu mezani.

Cha kwanza kilikuwa rimoti ya mkono, nyeusi, ya urefu wa kiganja, yenye vitufe vya mpira kama walizotumia babu zetu. Hiyo ilitii kidole gumba kimoja tu, kile kitakachowekewa muhuri, hata kwa picha zilizofungwa. Kwa wengine wote ukuta ungekuwa ukuta, usisikie wala kujibu.

Cha pili kilikuwa utepe laini wa kuvaa kwenye paji la uso, kama ule wa kufutia jasho wa wacheza mpira. "Huu unasoma nia," Ipyana alisema. Alieleza kwamba mtu kabla hajafungua kinywa, hata kabla hajajua mwenyewe kwamba anataka, kuna mtetemo unaopita kichwani, na utepe unaudaka huo. Ndio uliokuwa ukipendekezwa kwa wagonjwa waliopoteza maneno. Maneno hupotea mapema, alisema, ila kutaka hakupotei.

Cha tatu hakikuwa chombo. Ilikuwa nafasi tupu mezani ambapo fundi aliweka kiganja chake. Hiyo ni rimoti ya wosia, akasema, ambapo ukuta unafuata yale tu aliyoyaandika mgonjwa alipokuwa na akili timamu, na hakuna aliye hai awezaye kuubatilisha. Akauliza kama mama ana wosia wa namna hiyo.

Tusekile alikwenda chumbani akarudi na bahasha. Ndani mlikuwa na karatasi moja, yenye mwandiko ulionyooka wa mtu aliyejaza madaftari ya kiwanda maisha yake yote:

*Mimi Gwantwa Mwakibete, nikiwa na akili zangu, naagiza kwamba picha ya asubuhi ya tarehe kumi na tisa Mei nisioneshwe tena mpaka nife. Hata nikiomba. Hata nikilia. Hata nikisahau kwa nini.*

Chini palikuwa na sahihi za mashahidi wawili. Mmoja alikuwa Tusekile.

Fundi aliisoma mara mbili, akaiweka pale alipokuwa ameweka kiganja. Aliuliza kwa upole ni picha gani hiyo, naye Tusekile akamweleza, akijitahidi kusema kama anayesoma ripoti ya mtu mwingine. Asubuhi ya siku ile mdogo wake Ambakisye, mwenye miaka kumi na tisa, alikunywa chai kwenye meza hii hii, akaaga, akaenda kwa miguu chuo cha ufundi. Kwenye kona iliyo chini ya njia panda alikutana na lori la chai lisilo na dereva. Lori lilimwona, kumbukumbu zake zilionesha hivyo, ila barabara ilikuwa na tope na breki hazikushika. Picha ya kifungua kinywa chake ilikuwa ya dakika kumi na moja. Baada ya maziko mama aliketi mbele ya ukuta akaitazama kwa karibu miaka mitatu. Aliitazama mara thelathini, mara arobaini kwa siku. Amba akiwa mezani mama hakula, akisema atakula mwanawe akimaliza. Amba akitoka mlangoni, mama alimwita arudi kabla sahani haijasogezwa. Alifikia kilo thelathini na nane. Hospitalini walimlisha kwa mpira. Kisha asubuhi moja, bila mtu kumshawishi, akaomba kalamu.

"Nikichagua wosia," Tusekile aliuliza, "mama akimtaja Amba ukuta utasema nini?"

"Utasema imefungwa."

"Hauwezi kusema kitu kingine? Kwamba amesafiri?"

Ipyana alisugua mikono. "Sheria inakataza chombo kumdanganya mgonjwa, dada. Mtu anaweza. Ukuta hauwezi."

"Basi kila siku atakwenda polisi."

"Wengine wanafunga mlango kwa nje," fundi alisema, akitazama soksi zake.

Alikumbusha pia habari ya muhuri. Kitakachochaguliwa kitafungwa kwa miezi kumi na miwili, asikiguse msimamizi wala fundi. Zamani haikuwa hivyo, na wasimamizi walikuwa wakichagua asubuhi na kubadili jioni. Waliwazimia wazee ukuta kuwaadhibu, wakawawashia ili waweke sahihi wasipopaelewa. Muhuri ulitungwa kwa ajili ya watu wa namna hiyo, na waungwana wakaingia humo humo.

Kabla ya kuchagua, familia iliruhusiwa kujaribu utepe kwa saa moja. Ila katika jaribio, fundi alieleza, kufuli zote za picha hufunguliwa, kwani nia haisomeki vizuri ikiwa inagonga milango. Tusekile akakubali. Alijiambia anakubali ili ajue.

*

Bi Gwantwa hakuukataa utepe. Alidhani ni kofia ya kiwandani, akainamisha kichwa avalishwe.

Dakika za mwanzo ukuta ulileta mambo ambayo hakuna ambaye angeyakisia. Ulileta paka wao wa zamani akizaa nyuma ya kochi, halafu marehemu baba akikorofishana na redio. Ukaleta kina mama wa jumuiya wakiimba, nusu yao sasa wamekwisha kufa, na Bi Gwantwa akaimba nao kwa sauti ya pili bila kukosea hata mahali pamoja. Tusekile hakuwa amemsikia mama yake akiimba tangu mwaka juzi. Akaanza kufikiri kwamba jambo hili huenda likawa jema.

Kisha ikaja meza. Ambakisye alikuwa ameketi upande wa dirisha, na sweta la chuo, mkono mmoja ameukunja, anachovya chapati kwenye chai.

"Vaa koti, kutanyesha," Bi Gwantwa alisema.

"Mama, jua lote hili," Amba akamjibu kutoka ukutani.

"La Tukuyu hilo. Usiliamini."

Amba akacheka, akamwambia akinyeshewa atakauka. Mama akamuuliza kama amemaliza michoro ya mwalimu. Akasema bado mmoja. Mazungumzo yao yalikwenda na kurudi bila pengo, mpaka fundi akasimama, akidhani kompyuta imeanza kutunga majibu, jambo ambalo lilikuwa kosa la jinai. Tusekile alimwambia akae. Mama ndiye aliyekuwa akifuata picha, alisema, wala si picha iliyomfuata mama. Alikuwa amesahau umri wake na jina la mtaa, ila dakika kumi na moja zile ulimi wake ulikuwa umezishika kama sala.

Tusekile alijua kinachofuata, naye hakuweza kutazama kando. Ukutani akatokea yeye mwenyewe, wa miaka thelathini na mitatu, nywele amesuka nusu, akipekua kila mahali kutafuta ufunguo wa gari.

"Dada, nishushe pale njia panda," Amba alisema.

"Nimechelewa," Tusekile wa ukutani alisema bila kugeuka. "Una miguu, tembea."

Akatoka. Amba akamaliza chai yake taratibu, akachukua begi. "Haya mama, tutaonana jioni." Mlango ukafungwa. Kikombe kilibaki mezani kikitoa mvuke, na mvuke ule haujakatika Amba alikuwa tena kwenye kiti, mkono wa sweta umekunjwa, anachovya chapati. Utepe ulikuwa umesoma.

Katika saa ile picha ilijirudia mara nne. Mara ya pili Tusekile aliweka kikombe cha chai mkononi mwa mama, kikabaki pale mpaka kikapoa. Mara ya tatu alisikia harufu, akaona kitenge cha mama kimelowa kitini, naye mama hana habari. Mara ya nne midomo iliendelea kusema maneno yake, lakini sauti ilikuwa imekauka.

Fundi alipouvua utepe, Bi Gwantwa alimshika kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo hakuna aliyejua kwamba bado anayo, akapigana naye kama mtu aliyeporwa. Halafu akalia. Baada ya dakika tano alikuwa amesahau analilia nini, kilio kikaendelea peke yake.

Tusekile alimwosha na kumlaza. Aliporudi sebuleni alimuuliza fundi angefanya nini kama huyu angekuwa mama yake. Ipyana alikuwa anafunga begi. Alisema kiapo chake kinamruhusu kueleza, hakimruhusu kushauri. Kisha akasema mama yake mwenyewe alifariki mwaka uliopita akiwa na utepe kichwani, akitabasamu, na hata leo hajui amsimulie nani. Angerudi kesho saa kumi jioni, akasema, kuweka muhuri.

*

Asubuhi Tusekile alimpigia simu kaka yake. Lusajo alikuwa mhandisi Dodoma, mtu wa maamuzi ya haraka, na hakuwahi kuiona picha ile. Alisikiliza yote, akasema jambo lenyewe halina ugumu. Wosia upo, ufuatwe.

"Yule aliyeandika ndiye mama," alisema. "Alijua anachokisema."

"Na huyu aliyelala chumbani ni nani?"

"Huyu ni wa kutunzwa, Tuse. Si wa kutii."

Tusekile alimwambia ni rahisi kusema hivyo ukiwa Dodoma. Lusajo hakukasirika. Alimuuliza tu kitu kimoja, ambacho labda hakukipima: mbona anaiogopa sana picha ile, au kuna jambo ndani yake? Tusekile akasema hakuna, akamuaga.

Lakini swali lilibaki naye hadi shuleni, likakaa naye mbele ya ubao. Mama yake aliitazama picha ile maelfu ya mara. Maelfu ya mara alimsikia binti yake akimwambia mwanawe una miguu, tembea. Na katika miaka mitatu ile ya kuitazama, na minane iliyofuata ya kutoitazama, hakuwahi kumtajia neno hilo hata siku moja. Tusekile alikumbuka jinsi alivyoweka sahihi kwenye wosia, upesi, kabla wino wa mama haujakauka. Alikuwa ameshukuru. Na sasa, alipojaribu kupima lipi lina heri kwa mama, kila mara mzani ulikuja na kidole chake mwenyewe juu yake, asiweze kukitoa.

Saa kumi fundi alirudi, naye akampa kidole gumba.

Hakuchagua rimoti ya mkono kwa kuwa ilikuwa njema. Aliichagua kwa sababu utepe ungemuua mama, na wosia ungemrudisha barabarani. Hii ya mkono ingeunyamazisha ukuta, ikayahamishia maneno yote kinywani mwake yeye. Ipyana alikigandamiza kidole kwenye kitufe mpaka taa ndogo ikageuka nyekundu. Akamwambia kuanzia sasa ukuta hausikii mtu mwingine, kwa miezi kumi na miwili. Alipokuwa akivaa viatu, Bi Gwantwa alimkumbusha habari ya majani yaliyokomaa.

*

Siku ya kwanza mama aliuuliza ukuta, ukanyamaza. Akamgeukia Tusekile.

Tusekile alimwambia kweli. Bi Gwantwa alianguka chini pale pale akapiga yowe la msiba, yowe zima, kama la siku ile ya Mei, na majirani wakaja mbio, kanga viunoni, wakidhani kuna aliyefariki saa ile. Wakakuta ni msiba ule ule wa Amba, wakakaa naye mpaka aliponyamaza. Kesho yake hakukumbuka. Akauliza tena Amba yuko wapi.

Tusekile hakuwa na ubavu wa kumwua mdogo wake kila siku. Alisema amekwenda Mbeya, na mama akahuzunika kwamba ameondoka bila kuaga. Siku nyingine akasema yuko chuoni, na mama akakaa mlangoni na sweta mapajani hadi giza. Hakuna uongo uliodumu saa nzima. Ukifa mmoja ilibidi azae mwingine, na alizidi kuona kwamba uso wa mama, kila anapouliza, unamchunguza namna mpya.

Wiki ya tatu mama aligundua rimoti. Aliona jinsi Tusekile anavyotembea nayo mfukoni mwa sweta, jinsi anavyoilalia. Hakuuliza ni nini. Aliacha kumwita Tuse. Alianza kusimama kila Tusekile alipoingia chumbani, na kuomba ruhusa ya kwenda msalani. Siku moja, alipopewa uji, alisema asante, afande.

Tusekile alimwambia yeye si afande, ni Tusekile, ni binti yake. Bi Gwantwa aliitikia kwa adabu, macho chini, kama mtu anavyoitikia asichokiamini mbele ya mwenye funguo.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Tusekile alikuwa sebuleni akisahihisha madaftari. Mama alitoka jikoni na hotipoti. Alikuwa amejifunga kitenge chake cha kutokea na kuchana nywele. Aliiweka hotipoti chini, akapiga magoti, yote mawili, mbele ya kiti cha bintiye.

"Shikamoo, afande," alisema.

Salamu ile hairudi nyuma. Hakuna mtoto wa Kinyakyusa, wala wa kabila lolote alilolijua, aliyewahi kuamkiwa hivyo na mzazi wake.

"Mimi ni mama yake Ambakisye," Bi Gwantwa aliendelea. "Sina maneno mengi. Naomba nimwone, hata kwa mbali. Nimemletea chakula kidogo, mkitaka mkikague."

Tusekile alimwinua, akamkalisha kwenye kochi. Karatasi ile aliijua kwa moyo: hata nikiomba, hata nikilia, hata nikisahau kwa nini. Mama hakuandika hata nikipiga magoti. Alijua kwamba huo ni utetezi wa mtu aliyekwisha kushindwa. Akatoa rimoti, akabonyeza.

Amba akaja, na sweta lake na chapati. Mama akapakua ndizi kwenye sahani mbili, moja akaisogeza kuelekea ukutani, nyingine akaiweka mbele yake, akaanza kuzungumza na mwanawe habari za koti na jua. Tusekile alikuwa amekwisha kuamua atakachofanya. Faida ya rimoti ya mkono ni kwamba inasimama pale unapotaka. Dakika ya saba, kabla yule binti wa nywele nusu hajatokea, alibonyeza tena. Amba akabaki na kikombe mdomoni, macho yakicheka, mzima. Tusekile aliona ni zawadi. Amba asingetoka tena.

Mama alingoja.

Aliketi wima, mikono mapajani, akimtazama mwanawe. Tusekile alimwambia ale, chakula kinapoa. Mama akasema hapana, tumsubiri amalize. Ikapita robo saa. Ikapita nusu. Mafuta yakaganda kando ya sahani. Tusekile alimsihi tena, akachukua kijiko akakipeleka mdomoni mwa mama, na mama akageuza uso. Akaanza kutazama kikombe kile kisichoshuka, na hofu ikaingia usoni mwake kidogo kidogo.

"Afande," alisema, "mbona hamalizi? Mmemfanya nini?"

Hapo Tusekile alielewa kwamba ile haikuwa zawadi, na kama ilikuwa zawadi, hakumpa mama. Alikuwa amemsimamisha Amba mahali ambapo yeye mwenyewe hajasema neno. Kwa ajili hiyo mama angekufa njaa mbele ya mwanawe asiyeshiba.

Akabonyeza.

Kikombe kikashuka. Yule binti akaingia akipekua meza, akiinua mito ya kochi. Dada, nishushe pale njia panda. Tusekile hakufumba macho. Nimechelewa. Una miguu, tembea. Sauti yake ilijaa sebule nzima, kali, ya kijana, ya mtu mwenye kesho nyingi. Aligeuka kumtazama mama.

Bi Gwantwa aliinama upande wake kidogo, kama anayemfafanulia mgeni mambo ya ndani.

"Huyo ni dada yake," alisema. "Ana haraka siku zote. Si mbaya."

Tusekile alisema ameelewa.

Amba akamaliza chai, akachukua begi. Haya mama, tutaonana jioni. Mama akamwambia aende salama. Mlango ukafungwa, kikombe kikabaki na mvuke wake, na Tusekile akazima. Ukuta ukawa ukuta. Mama alikaa, midomo ikimchezacheza, akingoja. Rimoti haikuwa inasoma kitu kichwani mwake, na hakuna aliyerudi. Dakika kama mbili hivi zikapita. Kisha akavuta sahani, akala. Alikula ndizi zile zilizopoa, taratibu, mpaka zikaisha, na akapangusa sahani kwa kidole.

Alipomaliza alifunika hotipoti, akasimama, akauliza kesho wanafungua saa ngapi. Tusekile alisema saa kumi. Mama akashukuru, akasema si wote wangemruhusu. Akaenda mlangoni, akautafuta mwavuli, akatoka.

Tusekile alichukua koti akamfuata. Mvua ilikuwa nyepesi. Alimkuta amesimama kwenye uzio, hajui barabara ya nyumbani ni ipi, akamshika mkono. Mama akageuka, akamtazama, na uso wake wote ukafunguka.

"Tuse," alisema. "Umekuja kunichukua."

"Nimekuja, mama."

Walizunguka nyumba polepole, wakipita kwenye migomba, kuelekea mlango wa jikoni. Mama alimsimulia kwamba ametoka kumwona mdogo wake. Hajakonda, alisema. Anakula. Hawajampiga. Akasimama kidogo kuvuta pumzi, akamkaza mkono bintiye.

"Kuna afande mmoja pale, mwanamke," alisema. "Ana huzuni, sijui kafiwa. Kesho tumpikie na yeye."

Tusekile alisema sawa, watampikia. Akamfungulia mlango, akamwingiza ndani.